Maisha ya Sista Chekeche na Watoto Waliohukumu Wadudu

Alizaliwa alfajiri ya tarehe tisa Aprili, mwaka 1931, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya fundi cherehani, mtoto wa tatu na binti wa kwanza. Wanaosimulia kuzaliwa kwake husema kwamba saa ileile jeshi la siafu lilikuwa likikatiza chumbani, kutoka mlangoni hadi dirishani, na kwamba lilipofika penye kitanda cha mzazi lilijigawa mara mbili, likapita huku na huku, kisha likaungana tena upande wa pili bila kumgusa mama wala mtoto. Mkunga, ambaye alimaliza kazi yake akiwa amesimama juu ya kiti, alilishuhudia jambo hilo mpaka kufa kwake. Mapadre walipomhoji uzeeni alikiri kwamba alikuwa amekizungushia kitanda majivu, ila akaongeza kwa ukali, “Majivu niliyamwaga mimi, sikatai. Lakini nani alimwambia mtoto anyamaze? Alikuwa ametoa macho, anawasindikiza mmoja mmoja.”

Hakuwa mtoto wa kutulia. Mama yake, aliyefua nguo za watu, alikuwa akisema kwamba ukimtuma binti yule chumvi atakuletea swali. Alitaka kujua kama mbu huwa na mama, na kama anaye, basi anamsubiri hadi saa ngapi. Alitaka kujua kama chungu aliyezama kwenye chai alikuwa mwizi au mgeni. Akiwa na miaka saba alimwona kaka yake akichezea mbawakawa aliyefungwa uzi mguuni, anamrusha hewani kama tiara kisha anamvuta chini. Binti akakimbilia dukani kwa baba yake, akachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, ule ambao watoto wa nyumba ile walikatazwa hata kuuota, akarudi nao, akakata. Alikata uzi na mguu pamoja. Akamrudia baba yake, mkasi mkono huu, mbawakawa mkono huu.

“Baba, mshone.”

Fundi alikuwa na suruali ya bwana harusi magotini na pini tatu mdomoni, kwa hiyo alijibu kwa upande mmoja wa mdomo. “Mwanangu, mimi nashona nguo. Viungo sishoni.”

“Nani anashona viungo?”

“Mungu.”

“Duka lake liko wapi?”

Fundi akanyoosha kidole, na kastabini yake juu, akaonyesha mnara wa kanisa. Waandishi wacha Mungu wamesema kwamba kidole kile kiliongozwa na Roho. Ndugu za marehemu, waliokuwepo, wamesema kiliongozwa na harusi iliyokuwa saa nane. Vyovyote iwavyo, mtoto alikwenda. Alilikuta kanisa tupu, na kwenye ngazi ya altare mbawakawa akamfia kiganjani. Hakulia, alikasirika. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake, “Nilitaka kumsaidia.” Mama alikuwa akikamua shuka, naye akasema neno ambalo binti yule alilibeba maisha yake yote kama mwiba wa samaki kooni: “Wengi waliotuumiza, mwanangu, walitaka kutusaidia. Shika ncha hiyo, kamua.” Wadogo zake waliolala naye kitanda kimoja walishuhudia kwamba tangu siku hiyo hakuwahi kulala usiku mzima, na kwamba hata akilala miguu yake ilikuwa safarini.

Wito ulimjia polepole, kama maji yanavyopanda ukutani. Mwezi wa pili mwaka 1949, akiwa na miaka kumi na minane isiyotimia sawasawa, alimwambia baba yake kwamba anataka kuingia utawani. Fundi alicheka mpaka akasimamisha cherehani. “Watawa hukaa kimya, hukaa wametulia. Wewe? Hata kwenye picha ya familia umetoka mara mbili!” Ilikuwa kweli. Picha ile ipo hadi leo, na ndani yake anaonekana akiwa na nyuso mbili, zote zinatazama chini, upande ambako huenda palikuwa na mdudu.

Alipokelewa katika nyumba ya masista waliokuwa wakioka hostia, ile mikate ya Komunyo, kwa jimbo zima. Kusali akiwa ametulia kulimshinda. Alipopiga magoti kiwiliwili chake kiliyumba mbele na nyuma, kushoto na kulia, kiasi kwamba jirani zake kanisani walijisikia wako safarini baharini. Mlezi wa wanovisi, yaani watawa wanafunzi, alivumilia mwezi mzima, kisha akamwita pembeni. “Binti yangu, unasali au unachekecha unga?” Novisi akajibu kwa unyenyekevu, “Najaribu kutoa makapi, Mama.” Jina likazaliwa hapohapo, nalo likamfuata: Sista Chekeche. Na kwa kuwa wakubwa wa utawani nao wana utani wao, siku iliyofuata wakampeleka kwenye unga.

Chumba cha hostia kilikuwa cha mwisho kwenye ukumbi, chenye madirisha ya waya, meza ya mbao iliyosuguliwa mpaka ikawa nyeupe, na chuma cha kuokea chenye sahani mbili zinazobanana kama midomo. Unga wa ngano na maji, basi, hakuna chumvi wala hamira. Rojo likimiminwa kati ya sahani hutoka karatasi nyembamba ya mkate. Karatasi hizo hulazwa penye unyevunyevu zilainike, maana zikikatwa kavu huvunjika, kisha hukatwa kwa mdomo wa chuma, duara kwa duara, na vipande vya pembeni hubaki. Lakini kabla ya yote unga huchekechwa, na kwenye chekeche hubaki fukusi, wale vidudu weusi wadogo wanaozaliwa, kuoa na kuzeeka ndani ya gunia. Masista waliomtangulia walikuwa wakiwatupa jikoni, motoni. Sista Chekeche hakuweza. Kila asubuhi, baada ya sala, aliwabeba na konzi ya pumba, akatoka nao nyuma ya jengo, akawamwaga taratibu chini ya ukuta, akawaambia, “Haya, nendeni salama.” Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mitatu, na ilikuwa dakika pekee ya siku ambayo moyo wake ulitulia.

Watoto wa mtaa walikuwa wakija dirishani siku za Jumamosi kuomba vile vipande vya pembeni. Walikuja kwa ajili ya vipande, wakabaki kwa ajili ya maneno, kwa sababu hapakuwa na mtu mzima mwingine aliyeulizwa swali na mtoto akaacha kazi mikononi. Paroko, mwanamume mnene mwenye kupenda mambo yaende kwa mstari, aliliona kundi lile, akampa Sista darasa la Komunyo ya Kwanza. Ndipo mwaka 1963, akitaka kuwaonyesha watoto huruma ni nini, Sista akawatoa wote nje asubuhi moja, akawapeleka nyuma ya jengo, akawamwaga fukusi wake mbele yao kwa heshima zote.

Darasani palikuwa na binti wa mwuza nyama, mwenye umri wa miaka saba, ambaye watu walimwita Kibibi kwa sababu alitembea mikono nyuma na kuguna kabla ya kusema. Kibibi akaguna.

“Sista, hao kuku wanakujua?”

“Wananijua sana! Kila asubuhi wananikimbilia.”

“Wanakukimbilia wewe?”

Sista akawatazama kuku. Kuku wakalitazama chekeche. Chini ya ukuta hapakuwa na fukusi hata mmoja; palikuwa na jogoo anayefuta mdomo. Sista Chekeche akakaa chini, palepale mavumbini, na masista waliokuwa dirishani wakadhani amekufa, kwa maana hakuna aliyewahi kumwona ameketi jua likiwa juu. Watoto wakamzunguka, mmoja akamshika bega. Hatimaye akasema, “Wanangu, mimi nilidhani najua. Sijui. Tutatafuta pamoja.” Waliomjua vizuri huhesabu utakatifu wake kuanzia hapo, wala si kwenye siafu.

Tangu siku hiyo darasa lilikuwa kama bunge bila spika. Sista aliwauliza watoto ni yupi wa kuachwa, yupi wa kufukuzwa, yupi wa kuuawa, na kwa nini. Naye hakutoa jibu, alizunguka tu chumba akisugua mikono. Walisema mbu ni vita, kwa kuwa yeye ndiye huanza. Walisema siafu ni wengi, kwa hiyo mmoja akifa wenzake hawatajua. Mtoto wa fundi viatu, kijana mwenye kichwa kikubwa aliyeitwa na wenzake Askofu kwa jinsi alivyopenda kukata shauri, alisema mende auawe kwa sababu mama akimwona hupiga kelele, “na mimi namtetea mama yangu.”

“Na kipepeo?” akauliza Sista.

“Kipepeo dhambi. Dhambi kubwa kabisa.”

“Kwa nini?”

“Si mzuri yule!”

Kibibi akaguna. “Basi mimi nikikua na sura mbaya mtanikanyaga?”

“Wewe utakanyagwaje, mtu mkubwa hivyo?”

“Kumbe. Kosa la mende ni kuwa mdogo.”

Kila mtoto akajitazama kimo. Sista alikuwa karibu kuruka. Na ndipo, katika furaha ile, hakuona kinachokuja.

Ishara ya kwanza ilitoka kwenye kitubio. Siku ya maungamo ya kwanza foleni ilianza asubuhi, na adhuhuri ilikuwa haijasogea. Paroko alitoka kwenye kiti cha maungamo jasho likimtiririka. “Sista! Nimesikiliza habari za sisimizi tangu saa mbili! Mtoto mmoja ameungama konokono wa mwaka juzi. Hakuna hata mmoja aliyetaja uongo, hakuna aliyetaja kumtukana mdogo wake. Umewafanya nini?” Sista alicheka, naye paroko hakucheka.

Ishara ya pili ilikuwa nzito zaidi. Zikiwa zimebaki siku chache kufikia Jumapili ya Komunyo, Askofu alisimama darasani akatoa sheria: anayeua na hana nia ya kuacha, asipokee. Wenzake wakakubali, maana ndivyo katekisimu isemavyo kuhusu kitubio, lazima kukusudia kutorudia. Kisha, bila mtu kusema neno, vichwa vyote vikamgeukia Kibibi.

“Mnaniangalia nini?”

“Baba yako,” alisema Askofu.

“Baba anaua mmoja, mtaa mzima unakula. Na wewe jana ulikula, nimekufungia mimi mwenyewe kwenye gazeti. Wewe wale siafu uliowamwagia maji ya moto, nani aliwala?”

“Mimi nimeshaungama, siwezi kurudia. Baba yako kesho anarudia. Na wewe unaishi kwa hiyo hiyo.”

Kibibi akafungua mdomo, akaufunga bila hata kuguna, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Sista, aliyekuwa akizunguka chumba na kutikisa kichwa kwa kupendezwa na akili za watoto, alipogeuka aliona sura ya mtoto yule imepauka kama majivu, na watoto waliokuwa wamekaa naye benchi moja wamesogea pembeni kidogo. Kidogo tu. Kibibi akaondoka mikono nyuma, na kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja.

Aliyekuja ni mwuza nyama mwenyewe, na aproni yake ya kazi, kofia mkononi. Alisimama ukumbini akikwepa kugusa kuta. “Sista, mwanangu hali chakula. Na mkono hanipi. Ananiamkia kwa mbali, ‘Shikamoo baba,’ anapita. Mmemfundisha nini hapa?”

“Nimewafundisha huruma, mzee.”

“Huruma kwa nani?”

Sista alimsindikiza hadi langoni, akarudi, akaenda tena langoni, akarudi. Neno la mama yake la kwenye shuka lilimpanda kooni. Alikuwa amekata uzi tena, na mguu umekuja pamoja nao: watoto waliojifunza kumruka sisimizi njiani walikuwa wamemkanyaga mwenzao, na kwa hoja safi isiyo na ufa.

Paroko naye akaja, na habari zilikuwa zimemfikia zote. “Waambie jibu, tumalize. Waambie wadudu si dhambi.”

“Na siku watakapomwona mtu ni mdogo kama mdudu, Baba?”

Paroko akaanza kuitafuta kofia yake, iliyokuwa kichwani. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na akina mama walikuwa wameshashona magauni meupe. Alipofika mlangoni akageuka. “Jumapili watoto wote wa darasa lako watasimama kwenye foleni. Wote, na binti wa mwuza nyama akiwemo. Akikosekana, Jumatatu wewe unapanda gari kwenda nyumba ya masista wastaafu. Mdogo wao ana miaka sabini. Huko utachekecha peke yako.” Hiyo ilikuwa Ijumaa.

Yasemwayo kuhusu Ijumaa ile ni mengi, na mengine yameongezwa chumvi. Wapo wanaodai alitembea mpaka soli za viatu zikabaki barabarani, na fundi viatu, baba wa Askofu, aliwahi kuzionyesha soli hizo kwa wageni. Lililo hakika ni kwamba alipita nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alisema neno lilelile: “Kesho asubuhi mlete mtoto chumba cha hostia. Hostia za Jumapili watachekecha wenyewe.” Halafu akaenda kwa Mama Mkuu kuomba ruhusa, baada ya kwisha kuialika nusu ya parokia.

“Watoto? Kwenye chumba cha hostia?” Chumba kile hakikuwahi kuingiwa na mtu asiye mtawa tangu kijengwe.

“Wameshaingia kwenye hukumu, Mama. Sasa waingie kwenye kazi.”

Mama Mkuu alimtazama anavyoyumba, akahesabu pengine kwamba kumkatalia kutachukua muda mrefu kuliko kumkubalia, akatoa ufunguo. “Wafunge vichwa. Na wanawe mpaka viwiko.”

Jumamosi wakaja wote isipokuwa Kibibi. Wakafungwa vitambaa, wakanawa, wakapewa unga. Sista akawaambia kwamba sheria ni ileile waliyoipitisha wao, asiuawe hata mmoja. Kisha akasimama ukutani, akajishika mikono yake mwenyewe, akanyamaza. Waliomjua husema hakuna kafara aliyowahi kutoa iliyo kubwa kuliko kunyamaza kule. Watoto wakaanza kwa furaha. Waliwachukua fukusi kwa ncha za vidole, wakawaweka kwenye bakuli, wakiwapa majina. Baada ya muda Askofu alifungua kiganja akakuta wawili wamebandika, hawasogei. Akafunga kiganja haraka. Mwingine aliangukia ndoo ya maji. Kisha msichana mdogo kuliko wote, aliyekuwa ameinama juu ya chekeche pua ikikaribia unga, akasema kwa sauti ndogo:

“Sista, unga unatembea.”

Wote wakainama. Ndivyo ilivyokuwa. Katikati ya unga uliokwisha kuchekechwa, weupe juu ya weupe, vitoto vya fukusi vilikuwa vikijikunja na kujikunjua, vyembamba kuliko tundu la waya, visivyoshikika kwa kidole. Chuma cha kuokea kilikuwa tayari kinatoa joto.

“Basi tusiupike,” alisema Askofu.

“Tusipoupika kesho hakuna Komunyo,” alisema Sista. “Wala kwenu, wala kwa wagonjwa wa hospitali.”

“Tukiupika tumeua.”

“Ndiyo.”

“Sasa wewe unafanyaje?”

“Mimi nimeupika tangu hujazaliwa, mwanangu. Na sijalala vizuri.”

Askofu akaanza kulia, kilio cha hasira, unga ukigeuka uji mashavuni. Yule mdogo wa mwisho akasema pengine wangeomba radhi kwanza. Mwingine akasema kuomba radhi peke yake ni maneno tu, basi wasitupe hata kipande, wala cha pembeni, wala chembe mezani. Wakalijadili jambo hilo vidudu vikiwa mikononi, bila mtu kumtazama mwenzake kwa ujanja. Mwishowe wakaomba radhi kwa sauti moja, na rojo la kwanza likamiminwa kwenye chuma. Ndipo mmoja akauliza, bila kukusudia lolote, “Baba yake Kibibi huwa anatupa?” Na mwingine akajibu, “Hatupi kitu yule. Hata kwato anauza.”

Askofu akavua kitambaa kichwani, akatoka mbio. Wote wakamfuata, weupe mpaka viwikoni, Sista nyuma yao akishika shela, mtaa mzima ukitoka kuangalia moto uko wapi. Kwenye bucha wateja walikuwa wamejipanga. Askofu akapita mbele yao wote, akasimama kwenye kaunta iliyomfika kidevuni.

“Shikamoo mzee. Tumemfuata Kibibi.”

Kibibi akatokea nyuma ya pazia, mikono nyuma, amekonda.

“Mimi nimeua wengi kuliko baba yako,” Askofu akamwambia, “na hata saa nne haijafika.”

“Kwa nini uliwaua?”

“Kwa ajili ya mkate.”

“Umeungama?”

“Nitaungama. Lakini mkate nitaula tena. Kwa hiyo na mimi narudia. Wote tunarudia.”

Kibibi akalipima jambo hilo. Wateja wakasubiri, hakuna aliyeuliza bei. Mwishowe akaguna. “Rudi ukanawe. Mtu haingii bucha na unga.” Kisha akazunguka kaunta, akamshika baba yake mkono, ulivyo, na damu yake. Mwuza nyama akainama ghafla kufunga kamba za viatu, na wateja walioshuhudia wanasema siku hiyo alikuwa amevaa makubadhi.

Tarehe kumi na sita Juni, Jumapili, foleni ilikuwa kamili. Kibibi alisimama kati ya Askofu na yule mdogo wa mwisho, na paroko alipofika kwake alitulia kidogo na hostia mkononi, akaitazama, kama mtu anayesoma maandishi madogo sana, kabla ya kumpa. Wagonjwa hospitalini nao walipata. Vipande vya pembeni watoto walivila vyote wenyewe, hata vilivyoungua, na meza walifuta kwa vidole vilivyolowa.

Asidhani mtu kwamba taabu za Sista ziliishia hapo. Gari la Jumatatu halikuja, paroko alishika neno lake. Lakini wakubwa wa shirika waliposikia habari ya ufunguo walimwondoa darasani kwa miaka miwili kwa kosa la kufungua chumba. Alitii. Watoto waliendelea kuja dirishani, naye aliendelea kujibu kwa maswali, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumkataza dirisha. Alirudishiwa darasa, akalifundisha mpaka miguu iliposhindwa, na hata kwenye kiti cha magurudumu hakutulia, alikisogeza mbele na nyuma hadi kikatoboa zulia. Fukusi aliendelea kuwatoa nje, safari hii mbali na kuku, na alipoulizwa kama huko wako salama alisema, “Kuna mijusi. Nawatoa tu. Kujisifu nimeacha.”

Alifariki tarehe kumi na saba Agosti, mwaka 2004, mchana, akiwa na miaka sabini na mitatu. Sista kijana aliyekuwa akimhudumia alieleza kwamba nzi alikuwa akimtua usoni, anaondoka, anarudi, naye mgonjwa hana nguvu ya kuinua mkono. Sista kijana akakunja gazeti. Mgonjwa akafumbua jicho. “Ananikera,” alisema. “Mfukuze. Usimuue.” Na kijana alipoanza kupunga lile gazeti, akasema neno lake la mwisho duniani: “Fungua dirisha kwanza.” Dirisha lile lilikuwa gumu, na kijana alihangaika nalo. Alipogeuka, nzi hakuwepo, na Sista Chekeche hakuwepo.

Maajabu yanayosimuliwa baada ya kifo chake ni mengi, na Kanisa lenye hekima halijayapitisha. Mkulima mmoja anaapa kwamba alimwomba Sista, na viwavi wakahama shamba lake usiku mmoja kwa mstari. Jirani yake anaapa kwamba wamehamia kwake, naye ameshapeleka malalamiko kwa paroko. Mchimba kaburi anasema kaburini pake hapana mbu, ijapokuwa anakubali kwamba huwa anachoma majani pale. Mama mmoja, ambaye mtoto wake alikuwa akivunja miguu ya panzi na kucheka, aliweka picha ya Sista chini ya mto wa mtoto, na asubuhi mtoto akaamka akilia, akauliza panzi wanalala wapi. Muujiza huu wa mwisho mapadre wawili wamekuja kuuchunguza, na mmoja wao ameonekana akiruka sisimizi kwenye ngazi.

Hadi leo, Jumamosi iliyo kabla ya Komunyo ya Kwanza, watoto wa parokia ile huingizwa chumba cha hostia, vichwa vimefungwa, wakachekecha unga wao wenyewe. Kibibi, ambaye sasa ndiye mwenye bucha, hufunga duka asubuhi hiyo akaja kusimama ukutani na kunyamaza, kwa kuwa lazima awepo mtu mzima wa kunyamaza. Mwaka jana mtoto mmoja aliinua kichwa kutoka kwenye chekeche akauliza kama fukusi aliyekufa kwa ajili ya hostia huombewa. Paroko wa sasa, aliyesomea mbali na kurudi na shahada, alisema atalitazama. Bado anatazama, taa yake huonekana.

Basi ndugu wapendwa, tumwige mja huyu. Mtoto akituuliza, tuache kazi mikononi. Tukigundua kwamba wema wetu umemuumiza mtu, tukae chini kwanza, kisha tuinuke twende nyumba kwa nyumba. Wengi wetu huwaomba watakatifu watupe usingizi. Huyu ukimwomba atakunyima. Na ndiyo maana tunamwomba, atusimamie, atuyumbishe, asituache tulale mno.